Dume Mweupe, Vifaranga Wasio Weupe: Uchambuzi wa Kisa cha Bata Mzinga wa Mnazi Mmoja, Lindi

Kisa hiki kinahusu kundi dogo la bata mzinga katika kaya moja karibu na Mnazi Mmoja, mkoani Lindi, na tuhuma iliyokaribia kuharibu jina la muuzaji aliyekuwa mkweli. Mwenye kundi, mama wa makamo anayefuga chini ya mikorosho yake, alikuwa na majike wanne weusi wenye mng'ao wa shaba, yaani ile rangi ambayo wengi wetu huku kusini tunaifahamu kuwa ndiyo rangi ya bata mzinga. Baada ya kulipwa fedha za korosho alimuuza dume wake wa zamani, aliyekuwa wa rangi hiyohiyo ya shaba, na takriban mwezi mmoja baadaye akanunua dume mweupe kabisa. Nia yake ilikuwa kupata vifaranga weupe, kwa sababu wanunuzi wake wa sikukuu na harusi humtaka ndege ambaye akinyonyolewa ngozi yake hubaki safi, bila vile vidoa vyeusi vinavyoachwa na mashina ya manyoya meusi. Sababu hiyo ina uzito, kwani ndiyo iliyowafanya wafugaji wa kibiashara huko Marekani, katika karne iliyopita, kuhama kutoka bata mzinga wa shaba kwenda kwa weupe.

Vifaranga walipototolewa hapakuwa na hata mmoja mweupe. Walipoota manyoya, baadhi walikuwa weusi wenye mng'ao wa shaba kama mama zao, na wengine walikuwa wa rangi ambayo hakuwahi kuiona bandani kwake: kijivu cha chuma pale ambapo mama zao wana shaba, huku mistari myeusi na myeupe ikiwa imekaa mahali pake. Mama huyo akahitimisha kwamba ameuziwa dume chotara aliyefichwa asili yake, akataka arudishiwe fedha. Muuzaji akakana. Majirani nao wakaja na maelezo yao, na wengi waliwatuhumu kanga wanaozurura mashambani.

Nilipofika aliniambia, "Mwanangu, kama dume ni mweupe kweli, weupe wake umekwenda wapi?" Hilo ndilo swali la kisa kizima, na lilistahili kujibiwa kwa ushahidi uliokuwa bandani kabla ya kujibiwa kwa maneno ya mtu yeyote.

Kilichoonekana bandani

Jambo la kwanza nililomwomba lilikuwa kukumbuka rangi ya malaika, yaani manyoya laini ya kwanza, ya vifaranga siku ya kutotolewa. Kifaranga wa bata mzinga anayekuja kuwa mweupe hutoka na malaika ya manjano, ilhali anayekuja kuwa wa shaba hutoka na rangi ya kahawia yenye mistari ya giza mgongoni. Mama alikuwa na hakika kwamba hapakuwa na wa manjano hata mmoja kati ya vifaranga 31 waliototolewa. Ushuhuda huu una thamani kubwa, kwa sababu vifaranga 12 walikufa mapema, wengi wao wakati wa mvua za mwanzo wa mwaka ambapo unyevu wa sakafu huwamaliza, na mtu angeweza kudai kwamba weupe ndio waliokufa. Hawakuwepo tangu mwanzo.

Waliobaki walikuwa 19, na walikuwa wamekua kiasi cha kutambulika jinsia bila ubishi: madume walikuwa wameanza kutanua mikia, na nyama inayoning'inia juu ya mdomo ilikuwa imeanza kurefuka. Tuliwakamata mmoja mmoja, tukatazama rangi, tukatazama jinsia, tukaandika. Mama alikuwa amewahesabu mara nyingi kwa rangi na mara nyingi kwa jinsia, lakini hakuwahi kuzihesabu mbili hizo kwa pamoja. Tulipomaliza, daftari lilionyesha madume 8, wote wa shaba, na majike 11, wote wa kijivu.

Katika maoni yangu, tangu mstari wa mwisho ulipoandikwa, tuhuma dhidi ya muuzaji haikuwa na mguu wa kusimamia. Lakini kuna hatua kadhaa kati ya daftari hilo na hukumu hiyo, na kila hatua inahitaji kutembewa.

Jeni mbili, njia mbili

Matarajio ya mama hayakuwa ya kijinga. Anafuga kuku pia, na katika kuku wa kisasa kuna weupe unaotawala: jogoo wa Leghorn mweupe akipandishwa na mitetea wa rangi, vifaranga hutoka weupe au karibu weupe, pengine wakiwa na vidoa vichache. Aliyezoea hilo ana haki ya kutarajia hivyo kwa dume mweupe wa bata mzinga. Tatizo ni kwamba weupe wa bata mzinga ni jambo jingine kabisa. Unatokana na jeni, yaani chembe ya urithi, inayojificha, ambayo wataalamu huiandika kwa herufi ndogo c, na haionekani mpaka ndege airithi kutoka kwa baba na pia kutoka kwa mama. Dume mweupe ni cc. Jike wa shaba ambaye ukoo wake haujachanganyika na weupe ni CC. Kila kifaranga wao hupokea c moja kutoka kwa baba na C moja kutoka kwa mama, anakuwa Cc, na kwa kuwa C inatawala, kifaranga anakuwa na rangi. Kwa hiyo dume mweupe halisi akiwapanda majike hao ni lazima asipate kifaranga mweupe hata mmoja. Lile ambalo mama alilichukua kuwa dalili ya udanganyifu lilikuwa ndilo tokeo pekee ambalo dume mkweli angeweza kulitoa.

Hapa inafaa kueleza weupe huo unafanya nini. Jeni c ikiwa maradufu huzuia rangi isiwekwe katika manyoya, lakini haizifuti jeni nyingine za rangi alizonazo ndege huyo. Anazo zote, zimefunikwa tu kama ukuta uliopakwa chokaa juu ya rangi ya zamani. Bata mzinga mweupe anaweza kuwa mweusi chini yake, au wa shaba, au mwekundu, au wa kijivu, na hakuna macho yanayoweza kulijua hilo kwa kumtazama. Njia ya kulijua ni kumpandisha na jike mwenye rangi na kuwasoma watoto. Muuzaji wa dume huyu hakuficha kitu, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa na njia ya kukijua.

Sasa tuje kwenye kijivu, na hapa ndipo kisa kinapokuwa kitamu kwa yeyote anayependa mambo haya. Rangi waliyokuwa nayo wale majike 11 inajulikana vizuri. Huko Marekani inaitwa Narragansett, kwa jina la ghuba iliyoko Rhode Island, na Chama cha Wafugaji wa Ndege cha Marekani kiliiorodhesha katika viwango vyake vya mwaka 1874 pamoja na aina za shaba, nyeusi, nyeupe ya Holland na ile ya rangi ya bamba la mawe. Simaanishi kwamba dume wa Mnazi Mmoja ni wa ukoo huo. Ukoo ni zaidi ya rangi. Ninachosema ni kwamba jeni inayoitoa rangi hiyo ilikuwa ndani yake, chini ya weupe. Kazi yake ni kuiondoa shaba na kuacha kijivu cha chuma mahali pake. Jeni hiyo nayo hujificha mbele ya jeni ya kawaida. Tuiite n, na ile ya kawaida N.

Tofauti kubwa kati ya n na c ni mahali zinapokaa. Jeni hubebwa na kromosomu, nyuzi ndogo zilizo ndani ya seli. Jeni c hukaa kwenye kromosomu ya kawaida, ambayo kila ndege anazo mbili, awe dume au jike. Jeni n hukaa kwenye kromosomu ya jinsia. Kwa binadamu mwanamke ndiye mwenye kromosomu mbili zinazofanana na mwanamume ndiye mwenye mbili tofauti. Kwa ndege mambo yamegeuka. Dume ana kromosomu mbili za jinsia zinazofanana, ziitwazo Z, na jike ana Z moja na nyingine tofauti iitwayo W. Jike humpa binti yake W, na humpa mwanawe Z. Kwa hiyo Z pekee aliyonayo binti imetoka kwa baba, na lolote lililoandikwa juu yake litaonekana, kwa kuwa hakuna Z ya pili ya kulifunika.

Turudi kwenye daftari. Dume mweupe alikuwa na n kwenye Z zake zote mbili. Majike wa shaba walikuwa na N kwenye Z yao moja. Kila mwana wa kiume alipokea n kwa baba na N kwa mama. N ikatawala, akawa wa shaba, ingawa anaibeba n ndani yake. Kila binti alipokea n kwa baba na hakupokea kitu cha kuipinga kutoka kwa mama, akawa wa kijivu. Wanane na kumi na mmoja, bila hata mmoja kuvuka mstari.

Kumbe binti hawakuchukua rangi ya mama hata kidogo katika jambo hili. Walichukua ya baba yao, ambayo baba mwenyewe hakuwa akiionyesha.

Shaka zilizostahili kusikilizwa

Shaka ya kanga ndiyo iliyopendwa zaidi kijijini, kwa kuwa kanga nao ni wa kijivu. Nilimjibu mzee aliyeisisitiza kwa heshima, lakini bila kulegeza: madoa ya kanga ni ya duara na yametapakaa mwili mzima, wakati manyoya ya majike hawa yalikuwa na mpangilio uleule wa mistari walio nao mama zao, rangi moja tu ikiwa imebadilika. Vichwa vyao vilikuwa vya bata mzinga, miguu yao pia. Isitoshe, maelezo ya kanga hayasemi lolote kuhusu kwa nini iwe majike peke yao.

Shaka ya pili ilikuwa na nguvu zaidi, na ilitoka kwa mama mwenyewe. Je, haiwezekani kwamba majike huwa na rangi hafifu tu kuliko madume? Ni kweli kwamba jike wa shaba ana ncha nyeupe kwenye manyoya ya kifua ambazo dume hana, na kwa mbali humfanya aonekane amepauka. Lakini kosa la shaka hii ni kuwalinganisha majike na kaka zao. Jike hulinganishwa na jike. Tulimweka mmoja wa binti kando ya mama yake juani: mgongo na mkia wa mama ulikuwa na shaba inayong'aa, na wa binti ulikuwa na kijivu kisicho na shaba hata chembe. Kama kijivu kingekuwa tabia ya majike, mama zao wote wanne wangekuwa nacho.

Shaka ya tatu ndiyo niliyoiheshimu kuliko zote, nayo ni ile ya dume wa zamani. Watu wengi hawajui kwamba jike wa bata mzinga huhifadhi mbegu za dume katika vijifuko vidogo ndani ya njia ya yai, na anaweza kuendelea kutaga mayai yaliyorutubishwa kwa wiki nyingi baada ya kupandwa mara moja, hata wiki 10. Dume wa zamani alikuwa ameondoka mwezi mmoja tu kabla ya huyu mweupe kufika. Kwa hiyo swali kama baadhi ya vifaranga walikuwa wake lilikuwa halali kabisa, na lingeweza kueleza kukosekana kwa weupe bila kuhitaji jeni inayojificha.

Jibu lake linatoka kwa majike. Kama dume wa zamani angekuwa na N kwenye Z zote mbili, binti zake wote wangekuwa wa shaba. Kama angekuwa mbebaji, yaani N upande mmoja na n upande mwingine, nusu ya binti zake wangekuwa wa kijivu na nusu wa shaba. Kupata majike 11 mfululizo wa kijivu kutoka kwa mbebaji ni jambo linalotarajiwa mara moja katika 2,048. Maelezo pekee yasiyohitaji bahati ya namna hiyo ni kwamba baba wa majike wote hao alikuwa na n mbili, na dume wa zamani, aliyekuwa wa shaba waziwazi, hakuwa hivyo. Kwa upande wa wale madume 8, sina ushahidi wa moja kwa moja kwamba hakuna hata mmoja aliye wa dume wa zamani, kwa kuwa wangekuwa wa shaba kwa vyovyote. Ila kama mmoja wao angekuwa wake, ingekuwa ajabu asiwe na dada.

Niligusa pia, kwa ajili ya ukamilifu, jambo la mayai yanayoanza kukua bila kurutubishwa, ambalo kwa bata mzinga lilichunguzwa sana huko Beltsville, Marekani, katika miaka ya 1950. Ndege wanaotokana na njia hiyo huwa madume peke yao. Majike wetu 11 wanalifunga suala hilo.

Kizazi cha pili

Mama alikubali hoja, lakini alitaka kuona weupe kwa macho yake, na sikuona sababu ya kumlaumu. Maelezo yanayofaa ni yale yanayoweza kutabiri jambo ambalo bado halijatokea. Tulichagua dume mmoja wa shaba kati ya wale 8 na dada zake watano wa kijivu, tukawatenga katika uzio wao, na mama akawafunga kamba za plastiki za rangi miguuni ili asiwachanganye na wengine. Nilimweleza wazi kwamba kupandisha kaka na dada si desturi ya kuendelea nayo, kwa kuwa hupunguza utotoaji na nguvu za vifaranga. Hapa ilifanyika mara moja kwa ajili ya kupata jibu.

Kabla mayai hayajatagwa tuliandika utabiri. Wazazi wote walikuwa Cc, hivyo robo ya vifaranga watakuwa cc, weupe. Dume alikuwa na N na n, majike walikuwa na n peke yake, hivyo miongoni mwa wenye rangi, nusu watakuwa wa shaba na nusu wa kijivu, na safari hii bila kujali jinsia, kwa sababu mtoto wa kiume naye anaweza kupata n kutoka pande zote mbili. Kwa kila vifaranga 8, basi, wa shaba 3, wa kijivu 3 na weupe 2. Utabiri uliokuwa na uzito zaidi ulikuwa ule wa madume wa kijivu, kwani katika kizazi cha kwanza hakukuwa na hata mmoja, na kama kijivu kingekuwa tabia ya majike tu, wasingeonekana kamwe.

Mayai yaliatamiwa kwa siku 28, mengine na majike wenyewe na mengine na mitetea wa kienyeji, jambo ambalo silipendekezi pale panapowezekana kuliepuka, kwa kuwa kuku huweza kuwaambukiza vifaranga wa bata mzinga ugonjwa wa kichwa cheusi. Safari hii banda liliinuliwa juu ya ardhi kwa sakafu ya fito, na waliokufa walikuwa wachache. Siku ya kutotolewa wa manjano walionekana mara moja.

Waliofikia umri wa kutambulika jinsia walikuwa 24: weupe 8, wa shaba 7 na wa kijivu 9. Hesabu kamili ingekuwa 6, 9 na 9, na kwa idadi ndogo namna hii kupotoka huko ni kwa kawaida. Kati ya wale 9 wa kijivu, wanne walikuwa madume, na kati ya wale 7 wa shaba, wanne walikuwa majike. Mstari uliokuwa umenyooka katika kizazi cha kwanza, shaba upande wa wana na kijivu upande wa binti, ulikuwa umevunjika palepale ulipotabiriwa kuvunjika.

Kuna jambo ambalo natamani kila mfugaji wa rangi alielewe kutokana na hapo. Laiti mpandisho wa kwanza ungekuwa kinyume, jike mweupe mwenye n na dume wa shaba, vifaranga wote, wa kiume na wa kike, wangetoka wa shaba, na hakuna ambaye angeshuku chochote. Kijivu kingejitokeza kwa wajukuu tu, na tena kwa nusu ya majike wenye rangi peke yao, wakati ambao mwenye kundi angekuwa ameshasahau ni nani aliyepandishwa na nani. Kundi lilelile, jeni zilezile, na bado kisa kingekuwa kingine kabisa kwa sababu tu ya nani alikuwa baba na nani mama.

Kilichoamuliwa

Muuzaji aliombwa radhi, na mama alilifanya hilo mwenyewe bila kusukumwa. Kuhusu lengo lake la awali, wale weupe 8 wamempa njia fupi: mweupe akipandishwa na mweupe, cc kwa cc, hatotoi ila mweupe, iwe chini ya weupe huo kuna shaba au kijivu. Dume mzee hatatumika juu yao, kwa kuwa ni babu yao kwa pande zote mbili. Wanatafutiwa dume mweupe mwingine kutoka ukoo tofauti, na huyo mzee atabaki na wale majike wanne wa mwanzo au atauzwa.

Lakini mama amependa kijivu. Wateja wawili waliokuja kuchagua ndege wa harusi waliulizia hao kabla ya weupe, na sasa anataka kuwa na kundi la kijivu linalozaa kijivu tu. Kwa upande wa n kazi ni nyepesi, kwani dume wa kijivu ana n mbili na jike wa kijivu ana moja aliyo nayo, na watoto wao wote watakuwa wa kijivu. Kikwazo ni c. Kati ya kila ndege watatu wenye rangi wa kizazi cha pili, wawili wanatarajiwa kubeba weupe bila kuuonyesha, na wabebaji wawili wakikutana, robo ya watoto hutoka weupe. Kwa hiyo kila dume wa kijivu anayefikiriwa atapandishwa kwanza na jike mweupe. Akitoa kifaranga mmoja wa manjano, anaondolewa katika mpango. Akitoa vifaranga 7 wenye rangi bila wa manjano hata mmoja, uwezekano kwamba bado ni mbebaji aliyeponyoka kwa bahati tu unakuwa mdogo, kwani mbebaji hutarajiwa kufanya hivyo mara 1 tu katika 128, na mama amesema yuko tayari kungoja mpaka vifaranga wafike 10.

Wakati wa kuwasoma vifaranga hao tutaangalia pia kama yuko yeyote anayetoka mwekundu. Jeni ya wekundu nayo hujificha, na dume mweupe angeweza kuwa nayo bila kuidhihirisha waziwazi kwa watoto wake wa kwanza. Weusi tupu, kwa upande mwingine, tumeshauondoa katika orodha: jeni yake hutawala juu ya shaba, na kama dume angekuwa nayo maradufu, vifaranga wote wa kwanza wangekuwa weusi, na kama angekuwa nayo moja, takriban nusu yao.